Natafuta postidoki (kazi ya utafiti baada ya PhD) ya biomedikali: haya matangazo mnayasomaje, na hizi imeli mbona hazijibiwi?

BintiMaweni

Asalam aleikum wenyewe, na wengine wote hamjambo. Mwenzenu niko Malindi, Maweni. Nimetetea tasnifu yangu ya PhD mwezi wa nane, marekebisho nshayarudisha, sasa nangoja mahafali tu. Kazi yangu ilikuwa kingamwili za watoto dhidi ya malaria, hasa pale vimelea vinapopasua chembe nyekundu ya damu na kutoka kwenda kuvamia nyingine, kwa nini mtoto huyu kingamwili zake zamkinga na huyu wa nyumba ya pili anazo nyingi vilevile lakini kila mvua zikinyesha yuwalazwa. Miaka minne ya matatu ya alfajiri kutoka hapa hadi Kilifi, sahani za elisa za kupimia kingamwili na ile mashine ya leza ya kupima seli moja moja, na swali halijaisha, ndo maana sitaki kuacha.

Basi nina vitu vitatu mezani na sivielewi sawasawa. Kimoja ni tangazo la chuo kikuu Ujerumani, idara ya kinga ya mwili, miaka miwili na yaweza kurefushwa, mshahara wameandika TV-L E13 hawakutaja euro ngapi. Cha pili skuli ya udaktari Marekani, mwaka mmoja mmoja kulingana na fedha. Cha tatu si tangazo, ni ufadhili, yaani niandike mradi wangu mwenyewe halafu nitafute chuo cha kunipokea. Mbali na hivo nimetuma imeli 14 kwa maprofesa, wamejibu wawili tu, wote wasema kwa sasa hawana fedha. Sijui kama ni mimi nakosea ama ndo hali.

Nyumbani nako mama yangu kila jioni akikaa na mbuzi yake kukuna nazi lazima aniulize, mwanangu si ushakuwa daktari, kwani waenda soma tena? Majirani wananiletea karatasi za hospitali niwasomee, nikiwaambia mimi si daktari wa kutibu waona nawabania. Mume wangu yuko na boti za kupeleka wageni baharini, yeye aniambia nenda, lakini tuna mtoto wa miaka minne na hilo ndo linanikosesha usingizi. Mlopita njia hii nambieni ukweli.


Mwamu_Ughaibuni

Waleikum salam dadangu, na hongera sana, PhD si kitu cha kuokota. Mimi ni wa Amu, Langoni, sai niko Ujerumani mwaka wa tatu wa postidoki, maabara ya virusi lakini mambo ni yaleyale.

Nianze na mama kwanza manake wangu aliuliza swali hilohilo. Nilimwambia mama, wawajua mafundi wa majahazi wa Matondoni? Kijana akishajua kushika tezo na kupiga kalafati haendi kesho yake kuunda jahazi lake, hukaa na fundi mwengine miaka kadhaa aone mkono mwengine, mbao ni za fundi, lakini kazi yafanya mikono yake na yeye yuwalipwa. Ndo postidoki hiyo. Si masomo, ni kazi, una mkataba, una mshahara, una bima, wakatwa kodi. Alinielewa siku hiyohiyo na akawa ndiye anayewafahamisha wengine.

Sasa imeli. Nilipoanza mimi nilikuwa natuma barua moja kwa watu ishirini, nabadilisha jina la juu tu. Mzee mmoja alinijibu kwa upole akaniambia, umeniandikia ukurasa mzima na hakuna mahali umetaja kitu chochote ninachofanya. Nikaacha. Imeli inayosomwa ni fupi, hata simu ikiifungua yaonekana yote bila kusukuma chini. Mstari wa kwanza sema umesoma pepa yao gani na kitu gani ndani yake kimekugusa, kitu mahsusi, grafu ya ngapi ikibidi. Wa pili, wewe umefanya nini ambacho chakutana na hicho, kwako sema wazi una sampuli za watoto umezipima kwa njia kadhaa na waijua mashine kwa mikono yako si kwa kuona. Wa tatu, swali gani ungependa kulifanyia kazi kwao. Halafu uliza kama wana nafasi ama wako tayari kukupokea ukiomba ufadhili wako. Hilo la mwisho ndo hufungua mlango, manake mwenye maabara ambaye hana hela hana cha kukwambia ila pole, lakini ukimwambia nitaleta hela zangu atakaa asome tena.

E13 isikutishe, ni ngazi ya mishahara ya wafanyakazi wa serikali za majimbo, jedwali lake ni la wazi. Kwa anayeanza sai ni zaidi ya euro 4,500 kwa mwezi kabla ya makato, na makato ni makubwa, weka thuluthi au zaidi imekwenda. Kitu cha kuwauliza ni wanakuweka daraja la ngapi ndani ya E13, manake miaka ulofanya utafiti yaweza kuhesabiwa kama uzoefu na wengi wetu tulisaini bila kuuliza. Upande wa familia kuna nafuu, bima ya serikali ya afya yabeba mume asiye na kipato na mtoto bila kuongeza mchango, na kuna pesa ya mtoto kila mwezi, 2025 ilikuwa euro 255. 

Lakini kubwa kuliko yote: uliza FEDHA ZA MRADI ZAISHA LINI. Mimi niliitwa kwa miaka miwili, nikauza pikipiki, nikahamisha familia, kufika nakuta mradi wenyewe umebakiza miezi 11 na huo mwaka wa pili ulikuwa matumaini ya bosi tu. Nilikonda dada. Sikulala. Alhamdulillah nikapata pengine, ila sitaki mtu wa kwetu apitie hayo kwa sababu hakuuliza swali moya. Uliza kwa imeli ujibiwe kwa imeli. Tena ujue sheria yao ya mikataba ya muda vyuoni, baada ya PhD waweza kufanya hivyo hadi miaka sita, kwenye tiba ni tisa, hapo lazima uwe na kitu cha kudumu ama uondoke. Wengine huja hawajui kuwa kuna saa inayohesabu.


Nyuki_wa_Gede

Nami natafuta, nimekaa hapa. Mimi ni upande wa jenomu za bakteria.


Shangazi_wa_Maabara

Mwanangu BintiMaweni, nitakwambia ya Marekani maana nimekaa miaka mitano huko, na sasa nimerudi nafundisha huku Pwani.

"Mwaka mmoja mmoja kulingana na fedha" ni kawaida yao, usidhani ni wewe umedharauliwa. Maabara nyingi zategemea pesa za NIH, taasisi ya serikali yao ya utafiti wa afya, na kiwango cha malipo wengi hufuata kile cha NIH, mwaka 2024 anayeanza alikuwa dola 61,008 kwa mwaka. Ukizigeuza kwa shilingi ukiwa Malindi waona umetajirika. Usizigeuze! Gawanya kwa kodi ya nyumba ya mji ule na malezi ya mtoto wa miaka minne ambaye hajaingia skuli ya serikali. Mimi malezi ya mtoto mmoja yalikuwa karibu sawa na nyumba, na kuna miezi nilikuwa nahesabu mayai. Kabla hujakubali chochote waandikie ofisi ya mapostidoki, vyuo vikubwa vingi vinayo, uwaulize bei ya nasari ya chuo na foleni yake ni ya miezi mingapi.

Viza ni J-1 mara nyingi, ile ya wageni wa kubadilishana ujuzi. Mtafiti aweza kukaa nayo hadi miaka mitano, na mume akija kwa J-2, viza ya familia ya mwenye J-1, yuwaruhusiwa kuomba kibali cha kazi, hilo ni zuri. Lakini baadhi ya J-1 zina sharti la kurudi nyumbani miaka miwili kabla ya kuomba viza fulani nyingine za kazi ama ukaazi, soma karatasi yako ya DS-2019, ile chuo hukupa ya kuombea viza, na viza yenyewe wameandika nini. H-1B, viza ya kazi ya wataalamu, ndo watu walikuwa wakiitaka, ila Septemba 2025 rais wao alitangaza ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya watu walio nje ya nchi, sasa maabara gani italipa hiyo kwa postidoki mmoja.

Jambo jengine wengi wetu hulijua tushachelewa: fedha za kule si zote zako kuziomba. Ufadhili wa NIH uitwao F32 ni wa raia na wenye ukaazi wa kudumu tu. Ule mwengine, K99, ndo mgeni aweza kuuomba, lakini usiwe umepitisha miaka minne ya postidoki. Kwa hivo bosi akikwambia "utaomba ufadhili wako ukifika", muulize upi kwa jina lake. Akigugumia, umeshajua.

Na zungumza na waliotoka kwenye maabara ile, si waliomo. Waliomo wataogopa. Waliotoka majina yao yako kwenye pepa za miaka mitatu minne iliyopita, watafute, uliza kitu kimoja tu: uliondoka na nini? Kama kila mtu aliondoka na pepa yake ya kwanza na kazi, nenda. Kama kuna watu wawili watatu walikaa miaka minne hawana hata pepa moja, mwanangu hata chuo kiwe na jina la kutetemesha dunia kaa mbali nacho. Tunasoma jina la chuo kama tunavyosoma lebo ya kanga, na sivyo. Utaishi na mtu mmoja na maabara moja, hutaishi na chuo.


Labu_Kilifi

Mimi nitapinga kidogo, kwa heshima zote kwa shangazi na kaka wa Amu. Mbona wote mwaanza na ndege?

Dada, hilo swali lako la watoto na kingamwili, duniani ni sehemu chache zina kitu kama tulichonacho hapa saa moja kutoka mlangoni kwako. Programu ya KEMRI-Wellcome, ya taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba na shirika la Wellcome la Uingereza linalofadhili utafiti, iko Kilifi tangu 1989, watu wa eneo la utafiti wamekuwa wakihesabiwa na kufuatiliwa nyumba kwa nyumba tangu 2000, kuzaliwa, kuhama, kulazwa, na vyote vimeunganishwa na wodi ya watoto ya hospitali ya kaunti. Chanjo zote mbili za malaria zilizopitishwa na WHO, RTS,S mwaka 2021 na R21 mwaka 2023, Kilifi ilikuwa kwenye majaribio yake. Wazungu wanafunga safari kuja kupata hizo sampuli wewe waziacha uende kuzisoma Ulaya kwenye friza.

Na pesa za kukaa zipo. Ule ufadhili wa Wellcome wa watafiti wanaoanza, Early-Career Award, waweza kushikiliwa hapahapa Kenya, ni mshahara wako pamoja na hadi pauni 400,000 za utafiti, kwa kawaida miaka mitano. Ngumu, ndio, ushindani ni mkali. Lakini angalia sharti: usiwe na zaidi ya miaka mitatu ya uzoefu wa postidoki. Mtu anaenda Ulaya anakaa miaka minne akichakata data ya mtu mwengine, akirudi mlango ushafungwa. Hiyo nimeiona kwa macho yangu kwa rafiki yangu wa dhati na inaniuma mpaka leo.


Shangazi_wa_Maabara

Labu_Kilifi mwanangu, nakubaliana na wewe kuhusu sampuli, sikubaliani kuhusu kukaa. Mtu aliyesoma digrii, masta na PhD ndani ya kilomita sitini aijua njia moja ya kufanya mambo. Faith Osier, mtafiti Mkenya wa malaria, nani hamjui, alitoka Kilifi akaenda Melbourne, Australia, kwa postidoki, akarudi Kilifi, akawa na kundi lake Heidelberg, Ujerumani, sasa yuko Imperial College London, na kote huko swali lake ni kingamwili za malaria za watu wetu. Kutoka hakumaanishi kukimbia. Alipokwenda alijifunza vitu na swali lilibaki lake.


Labu_Kilifi

Hapo kwa "swali lilibaki lake" ndo nataka kufika shangazi, tuko pamoja. Dada, ukienda, sampuli na data haziingii kwenye begi. Lazima kuwe na makubaliano ya kuhamisha sampuli kati ya taasisi mbili, kamati ya maadili ikubali, na karatasi hizo zaweza kuchukua miezi. Kaa na supavaiza wako KABLA hujaondoka muandike chini nani anaendelea na nini, pepa zilizobaki za PhD nani ni wa kwanza nani wa mwisho. Na kule unakokwenda uliza mapema, nikimaliza nitatoka na mradi gani? Kuna mabosi watakwambia hiki chukua kiwe chako, hiki ni cha maabara. Asiyetaka hata kuzungumzia hilo, siku utakapotaka kusimama mwenyewe mtashindana na yeye.


BintiMaweni

Yallah nimesoma yote mara mbili, mara ya pili nikamsomea mume wangu. Na mama nimemwambia habari ya Matondoni, amenyamaza kidogo akasema "basi nenda kwa fundi mzuri". Kaka wa Amu Mola akulipe.

Nimeandika upya imeli ya Ujerumani kama ulivonifundisha. Kuna pepa yao moja wamepima seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, moja moja na kuona zipi zatoa kingamwili gani, nikawaambia mimi nina kingamwili za watoto kwa wingi wake tu, yaani najua nyingi ama chache, sijui zatoka kwa seli zipi, na hilo ndo pengo la tasnifu yangu lote. Nikauliza pia fedha zaisha lini, mkono wanitetemeka lakini nimeuliza.

Maswali mawili. Ule ufadhili wa kuandika mradi wako niliokuwa nauangalia ni wa Marie Curie, wa Umoja wa Ulaya, nifanye huo ama nichukue kazi kwanza? Na supavaiza wangu ni mtu mwema lakini barua ya refa, ya kunipendekeza, aichukulia mwezi mzima, nafanyaje bila kumvunjia heshima?


Mwamu_Ughaibuni

Marie Curie ya mwaka huu ishafungwa mwezi wa tisa, nayo kwa kawaida hufungwa Septemba kila mwaka. Mradi wenyewe ni kurasa 10, Mkenya yuwaruhusiwa kabisa, na ina posho ya familia. Lakini sikiza sana hapa: usiwe umeishi ama kufanya kazi nchi hiyo unayoenda zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya kufunga. Maana yake ukianza kazi Ujerumani mwezi wa kwanza, Septemba inayokuja ungali ndani, omba HAPOHAPO na maabara hiyohiyo. Ukisema ngoja nizoee kwanza nitaomba mwaka wa pili, Ujerumani umeikosa, itabidi nchi nyengine. Mimi nilizoea kwanza. Kwa hivo chukua kazi, lakini andika mradi tangu wiki ya kwanza. Na ukipata alama 85 na zaidi halafu hela zikaisha, hupewa cheti chao cha ubora, na kuna nchi na vyuo hukifadhili kwa pesa zao.


Shangazi_wa_Maabara

Kwa supavaiza: mwandalie. Mtumie tangazo, sivii yako, na nukta tano za kazi ulofanya ambazo yeye mwenyewe alizishuhudia, na tarehe ya mwisho umuwekee wiki moja kabla ya ile ya kweli. Halafu mpigie simu asubuhi, umuamkie, usimtumie ujumbe. Mtu mzima akiona kazi imeandaliwa hakawii. Na uwe na refa wa pili na wa tatu nje ya maabara yako, hata yule aliyekutahini.


BintiMaweni

WAMENIJIBU! Jana usiku. Bosi mwenyewe, si katibu. Asema fedha ni za mradi hadi mwisho wa 2028, amenitajia na jina la mfadhili, na swali langu la seli B amesema ndilo ambalo hawajapata mtu wa kulifanya kwa watoto. Intavyu ya mtandaoni Ijumaa tarehe 31 Oktoba, dakika 20 niwaelezee kazi yangu kisha maswali. Imeandikwa 10:30 saa za kwao. Nimehesabu kwetu ni saa tano na nusu, si ndio? Na stima hapa Maweni siku hizi yapotea mchana, naogopa.


Mwamu_Ughaibuni

Allahu akbar! Lakini HAPANA si saa tano na nusu. Sai ndo tofauti ni saa moja, ila Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ambayo ni tarehe 26, hurudisha saa nyuma, tofauti yawa saa mbili. Kwako ni saa sita na nusu mchana.


BintiMaweni

Saa sita na nusu Ijumaa ndo wakati mume wangu yuko msikitini, mtoto atakuwa na mimi peke yangu.


Labu_Kilifi

Njoo Kilifi siku hiyo na mtoto. Nitakutafutia chumba chenye jenereta na mtandao wa waya, mimi nitakaa naye nje mpaka umalize. Panda gari la saa mbili usije ukakwama njiani, na slaidi zako nitumie Jumatano niziangalie.